Kilimanjaro twende mwezi gani? Mie nasema tuanze na upepo

Tangu niweke ile picha ya kileleni kwenye stetasi watu hawaachi kuniuliza, hasa wa hapahapa Tanga, na swali lenyewe ni moja tu, dada nikitaka kupanda Kilimanjaro niende mwezi gani. Nimejibu kwenye meseji, nimejibu barazani, nimejibu hadi msibani kule Makorora jamani, sasa nimeona niandike kabisa, tena kwa urefu, kwa sababu hili jambo la msimu mie limenitoa pesa, limenitoa machozi, na kuna kijana wa watu lilitaka kumtoa roho. Hilo nitalieleza mbele.

Kwanza mjue nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza Aprili 2019, sikufika. Mara ya pili mwisho wa Agosti 2023 nikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mlima uleule, miguu ileile, hata buti zilezile za mtumba nilizonunua Mgandini. Kilichobadilika ni msimu, upande wa mlima, na siku yenyewe ya kupandia kileleni, basi.

Hiyo 2019 mie nilichagua mwezi kwa likizo. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini na likizo yetu tunapewa kazi ikipoa, Aprili ikapoa, nikapewa wiki mbili, nikaingia mtandaoni nikakuta kampuni moja imeshusha bei karibu nusu. Sikujiuliza kwa nini wameshusha. Nikalipa. Siku mbili kabla ya safari nikaenda Sahare kumuaga mjomba wangu, nahodha huyu, amevua miaka mingi kuliko umri wangu, nikamkuta chini ya mwembe anashona wavu wa jarife.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wapanda mlima."

"Ndiyo mjomba, keshokutwa asubuhi na basi."

Akaitazama bahari kwanza, mjomba hajibu kitu kabla hajaitazama bahari. "Mwezi huu kusi laingia. Sie hapa twavuta vyombo juu, nawe wenda kulekule linakokwenda kumwaga maji yake?"

Nikamwambia mjomba kule ni bara, mambo ya kusi na kaskazi ni ya huku pwani. Akanyamaza, akavuta uzi, akasema, "Upepo ni huuhuu mwanangu, haukati tiketi nyingine ukifika Segera."

Nimekuja kuyaelewa yale maneno nikiwa nimelowa mpaka mfupa. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, linapoanza kuingia, Machi kuelekea Aprili na Mei, linakuja na unyevu wote wa bahari, linapita juu yetu, linapita Usambara na Upare, halafu linakutana na ule mlima umesimama peke yake kwenye uwanda. Hewa ikisukumwa juu inapoa, ikipoa inaachia maji, na inayaachia upande wa kusini, yaani Machame, Kibosho, Umbwe, Marangu, kulekule kwenye migomba na kahawa na mifereji ya Wachaga. Ndiyo maana kule kuko kijani vile. Ule msitu wa kusini unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati kileleni kwenyewe hazifiki hata 300. Na ukizunguka nyuma, upande wa Rombo kule Tarakea unaoangalia Kenya, ni pakavu, mlima wenyewe umewakinga. Kwa hiyo mtu akikuambia "Kilimanjaro kunanyesha" muulize, upande gani, na urefu gani.

Sisi tulipitia njia ya Machame, katikati ya masika. Mvua ilianza getini, ikaendelea msituni, na njia ile ya msituni ikinyesha inakuwa tope linalokushika buti kama vile una mtu nyuma anakuvuta. Siku ya kwanza nikasema sawa, ni maji tu. Siku ya pili begi la kulalia likalowa pembeni, hema likawa linatoa jasho ndani, nguo haikauki kwa sababu hakuna jua la kukaushia. Hapa ndipo watu hawaelewi: juu ya mita 3,000 kulowa si usumbufu, ni hatari, nguo ikilowa upepo ukapiga mwili unapoteza joto kuliko unavyoweza kulitengeneza, na si lazima hata uwe kwenye barafu, nyuzi 4 au 5 zinatosha kabisa kumuua mtu aliyelowa.

Ilikuwa kambi ya Shira. Wapagazi walikuwa wanafika mmojammoja, na kijana mmoja akachelewa, akaja amevaa koti ambalo halizuii mvua, viatu vimefumuka soli, ana mzigo kichwani. Alikuwa anatetemeka halafu ghafla akaacha kutetemeka, akawa anacheka anaongea maneno hayaeleweki. Mie nikadhani amepata nafuu. Kiongozi wetu akamrukia, akapiga kelele wenzake waje, wakamvua nguo zote zile, wakamvika kavu za kwao, wakamuingiza kwenye begi la kulalia na mwenzake kwa pembeni, chai ya moto yenye sukari nyingi kidogokidogo. Baadaye kiongozi akaniambia dada, mtu wa baridi akiacha kutetemeka ndipo uogope. Yule kijana alipona, asubuhi akateremshwa. Lakini mie ule usiku sikulala, nilikuwa nafikiria ile bei niliyoshangilia. Kampuni iliyonishushia bei ilikuwa imeshusha kwake yeye, kwenye koti lake na viatu vyake.

Kwa hiyo ukiniuliza habari ya msimu, mie naanza na hao wapagazi. Wewe unaweza kununua koti zuri na soksi 6. Hema likilowa linaongeza kilo, na zile kilo huzibebi wewe. Sheria inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20 na unapimwa getini, sawa, lakini unapimwa mkavu.

Sisi tulifika mpaka kambi ya Barafu, tukaondoka usiku theluji inakuja kwa ubavu kabisa, huoni mguu wa aliye mbele, na tulipopita kidogo mita 5,000 kiongozi akasimama akasema tunarudi. Nililia. Nilimwambia kaka nimelipa, nimetoka Tanga. Akaniambia, "Dada, na mimi nina mama." Tukarudi.

Sasa tuje kwenye miezi.

Masika msiende. Mwisho wa Machi, Aprili na Mei, kaeni nyumbani, na kama ni lazima kabisa, kwa mfano umepata mgeni ambaye hana siku nyingine, basi pandeni njia ya Rongai, ule upande mkavu wa Rombo, na mchukue siku nyingi na kampuni inayovalisha watu wake. Geti halifungwi, mlima uko wazi mwaka mzima, ndiyo maana utakuta watu wanakuuzia. Kuwa wazi si ruhusa ya hali ya hewa.

Kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ni jambo jingine. Kaskazi ikishatulia, katikati ya Januari mpaka Februari yote na siku chache za Machi, mlima unakuwa mzuri sana, asubuhi kweupe, na baridi ya juu si kali kama ya kipupwe. Nasema katikati ya Januari si tarehe 2, kwa sababu vuli nayo ina tabia ya kukawia kuondoka, kuna miaka Desemba yote inanyesha na kipande cha Januari. Na vuli mvua yake haiji kwa mlango uleule wa masika, kaskazi inapoanza kuvuma inausogelea mlima kwa upande wa kaskazini-mashariki, kwa hiyo ile hesabu ya Rongai ni pakavu haifanyi kazi sawasawa Novemba. Hili niliambiwa na mzee mmoja wa Tarakea na nikalipenda, maana ni hesabu ileile ya mjomba, uangalie chombo kinapigwa ubavu gani.

Ila kwa sisi wengi wa huku kuna jambo moja ambalo hamtalikuta kwenye zile kurasa za wazungu za miezi bora. Ramadhani. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na sasa hivi imeingia kwenye kaskazi. Mwaka huu 2026 imeanza katikati ya Februari, 2027 inatarajiwa kuanza kama Februari 8, na 2028 mwishoni mwa Januari. Kule juu unatakiwa unywe maji lita 3 au 4 kwa siku, usiponywa kichwa kinapasuka, na msafiri ana ruhusa ya kula lakini nani anataka kuacha Ramadhani yake na tarawehe za kwao akaenda kulipa baadaye? Mie sitaki. Kwa hiyo kwa miaka hii michache dirisha la kaskazi kwetu limekuwa dogo, ni zile wiki mbili tatu za Januari, na aliyefunga huku anajua wiki ya mwisho ya Shaabani nayo ina mambo yake. Ndiyo sababu kubwa mie nikahamia kipupwe na demani, yaani Julai mpaka Septemba.

Kabla sijafika huko, Desemba. Desemba inanipa shida kuisema kwa sababu nina mapenzi nayo. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimama kule juu akaweka mwenge na bendera, na Watanganyika waliokuwa huku chini hawakuuona kwa macho lakini waliujua uko. Kila mwaka Watanzania wanapanda kwa ajili ya tarehe hiyo na mie nikiona bendera zile pale getini nafurahi. Ukitaka kwenda kwa ajili ya Desemba 9 nenda, ila nenda ukijua unapanda ndani ya vuli, beba kama mtu wa mvua. Na uangalie mwaka. Mwaka 2023 ulikuwa wa Elnino, vuli ikanyesha isivyo kawaida, ndio mwaka ule yale maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 3, yaliyoua ndugu zetu wengi, na wenzangu wawili waliokuwa wamelipia mlima wiki hiyo walisitisha na hawakurudishiwa hela. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, walikuwa wameshatangaza mapema kwamba vuli ile itakuwa kubwa. Wanatoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, na wa masika vilevile, Tanga na Kilimanjaro tumo kundi moja la mikoa ya misimu miwili, usomeni kabla ya kulipia, ni bure.

Halafu Desemba hiyohiyo kuanzia tarehe 18 hivi Wachaga wanarudi nyumbani. Aliyewahi kutafuta siti ya basi kwenda Moshi wiki ya Krismasi anajua nasema nini.

Haya, upande wa pili wa mwaka. Juni mvua zimekatika ila msitu bado unachuruzika na ukungu unakaa palepale kwenye mita 2,000 na kitu. Kipupwe kikiingia, Julai na Agosti, huku pwani tunapata vimvua vya mchoo, unaamka unakuta uani kumelowa, na watu wanadhani na mlima uko hivyohivyo. Hapana. Mawingu yanakaa chini, yanafunika mashamba na msitu, watu wa Moshi wanaweza kukaa siku nyingi hawauoni mlima kabisa, kumbe ukishatoboa ule ukungu ukapita msitu unatokea juani, mawingu yote yako chini yako kama bahari. Mie nilivyotokea pale mara ya kwanza nilifikiria bahari yetu asubuhi kukiwa shwari.

Gharama yake ni baridi. Usiku wa kileleni inaweza kushuka mpaka nyuzi 15 hata 20 chini ya sifuri. Msitazame simu ikakuambia Moshi nyuzi 30 mkafurahi, ile ni ya mjini. Moshi iko chini ya mita 1,000 na kilele ni karibu 5,900, kwa kila mita 1,000 unazopanda toa kama nyuzi 6, piga hesabu mwenyewe utaona Moshi wakitoka jasho kileleni mchana ni sifuri, na hapo hujaongeza usiku wala upepo. Mtu wa Tanga nyuzi 22 anavaa sweta.

Gharama ya pili ni watu. Julai na Agosti ndiyo likizo ya Ulaya na Marekani, kambi za Machame zinajaa mpaka mahema yanagusana. Hapo ndipo mie nasema sisi tunaoishi hapa tuna bahati ambayo hatuitumii, mgeni anakuja Julai kwa sababu shule za watoto wake zimefungwa, ni nyota yake hiyo, na wahenga wamesema usisafirie nyota ya mwenzio. Wewe unakaa masaa 6 au 7 ya basi kutoka Moshi, unalipa hifadhi kwa shilingi kama raia, unaweza kusubiri Septemba. Septemba ni demani, kusi limepungua nguvu, baridi imelegea kidogo, wageni wamepungua, njia kavu. Kama ningeambiwa nichague mwezi mmoja tu kwa mtu wa pwani asiyejua lolote ningesema Septemba.

Oktoba mwanzoni bado ni nzuri. Hans Meyer, yule Mjerumani, yeye na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 6, 1889, na ile ilikuwa safari yake ya tatu. Ya kwanza, 1887, barafu ilimshinda. Ya pili, 1888, hata mlimani hakufika, alikamatwa hukuhuku kwetu kwenye vita vya Bushiri vya kuwapinga Wajerumani, akaletwa Pangani amefungwa akaachiwa kwa fidia. Huwa napita Pangani naikumbuka hiyo. Bushiri bin Salim akanyongwa palepale Pangani Desemba 15, 1889, miezi miwili na siku chache baada ya Mjerumani yule kusimama juu. Na mlima ule watu wa Uchagani walikuwa wanaujua muda wote huo, mmoja wao, Yohani Kinyala Lauwo, anatajwa kuwa aliwaongoza. Mie habari hii huwa inanikaa moyoni kila nikisikia mtu anasema kupanda mlima ni mambo ya wazungu.

Ila Oktoba ikizidi kukauka kuna moto. Oktoba 2020 uliwaka karibu na Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, watu wakatoka vijiji vyote na wanafunzi kwenda kuuzima, na Oktoba 2022 ukawaka tena upande wa kambi ya Karanga. Vichaka vile vya juu ya msitu vikikauka ni kama makuti. Ukienda mwezi huo usichezee moto, usitupe kipisi, na muombe mpishi wenu asiache jiko peke yake.

Sasa mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Hili ndilo watu wa pwani tunalo mkononi kuliko mtu yeyote.

Kileleni unapanda usiku. Mnaamshwa saa 5, mnaondoka saa 6 usiku, mnatembea masaa 6 au 7 gizani ili mfike jua linapochomoza, changarawe ikiwa bado imeganda na upepo haujaanza. Kama ni giza unaona tu duara la tochi yako na visigino vya mwenzako. Kama mwezi umepevuka unauona mlima wote. Na mwezi mpevu unachomoza mashariki jua likizama, saa 6 usiku uko utosini, alfajiri ndipo unazama, yaani usiku mzima ni wako. Siku chache kabla haujapevuka unazama mapema unawaacha gizani saa ile mbaya ya alfajiri, siku mbili tatu baada ya kupevuka si vibaya kwa sababu unachelewa kutoka lakini mkiondoka tayari uko juu. Kwa hiyo msihesabu siku ya kuanza safari, hesabuni usiku wa kileleni uangukie kwenye mwezi 14 au 15, halafu mrudi nyuma. Mjomba hakuhitaji kalenda kwa hili, aliniambia tu, tazama bamvua. Maji yakijaa mpaka yakagusa ukuta pale Deep Sea usiku na mwezi ni mkubwa, ndiyo siku yako.

Ndivyo nilivyofanya 2023. Nilikuta usiku wa kuamkia Agosti 31 mwezi unapevuka, tena mwaka ule ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote kwa kuwa ulikuwa karibu zaidi na dunia. Nikahesabu nyuma siku 7 nzima za Rongai, nikaenda kwa bosi miezi minne kabla nikamwambia hizi ndizo siku zangu, nyingine sitaki. Akanipa. Watu wengi hatuombi mapema, tunasubiri tupewe.

Siku 7, si 5, na hili nalo linahusu msimu kwa namna yake. Sisi tunatoka mita sifuri. Juu kule hewa ina oksijeni nusu ya hii tunayovuta hapa Raskazone, mwili unahitaji siku za kuzoea, na mwili unaopigana na baridi na kulowa hauna nguvu ya kuzoea. Msimu mzuri hauondoi ugonjwa wa mwinuko, msisikilize anayewaambia hivyo, unachofanya ni kukupa nafasi ya kupambana na kitu kimoja badala ya vitatu. Kichwa kikiuma sema, ukitapika sema, ukianza kuyumba unashuka bila kubishana. Mazoezi nilifanyia Lushoto, napanda Magamba kila mwisho wa wiki ya pili, yanasaidia miguu na moyo ila urefu wa Lushoto haukuzoeshi hewa ya kule.

Tulianzia upande wa Rombo Agosti 26. Vumbi, misonobari, jua, sikuamini ni mlima uleule wa 2019. Kusi lilikuwa linavuma upande wa pili, tunaona mawingu yanachungulia mabegani mwa mlima halafu yanarudi. Kambi ya Kikelewa niliswali Alasiri nje ya hema, kibla kule ni kaskazini na mashariki kidogo, karibu sawa na huku kwetu, kwa hiyo unaswali umeupa mlima mgongo na mbele yako chini kabisa uko uwanda wa Amboseli umetanda rangi ya mchanga. Udhu nilichukua kwa maji ya vuguvugu aliyonipa mpishi, Mungu ambariki. Siku ya kambi ya Kibo maji yalikuwa hayashikiki nikatayamamu, ule udhu wa vumbi bila maji.

Usiku wa kileleni niliizima tochi. Kiongozi akasema wengi wakizima, tukazima wote. Changarawe ilikuwa nyeupe, Mawenzi, kile kilele kingine, nyuma yetu imesimama kama kitu kilichovunjwa na mkono, na vivuli vyetu vinatembea na sisi pembeni. Chupa ya maji nilikuwa nimeigeuza kichwa chini kama nilivyofundishwa, maana maji yanaanza kuganda juu, ukiigeuza mdomo hauzibi. Vidole sikuvisikia. Lakini nilikuwa mkavu. Kila nilipotaka kukata tamaa nilijigusa kifuani chini ya koti, kavu, nikaendelea.

Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, tulifika alfajiri. Niliswali juu ya jiwe nimekaa, sikuweza kusimama vizuri, na nilipotoa salamu upande wa kulia jua lilikuwa linatoka nyuma ya Mawenzi na nilipogeuka kushoto mwezi ulikuwa unashuka ng'ambo ya kreta, vyote viwili kwa wakati mmoja. Uhuru ilikuwa bado karibu masaa mawili mbele. Zile barafu za pembeni ni kuta zilizobaki zenyewe, kati ya 1912 na 2007 kama asilimia 85 ya eneo la barafu lilikuwa limeshaondoka, na kiangazi unaiona hali halisi, hakuna theluji ya kuficha. Wanaotaka picha nyeupe ndio wanaokwenda kwenye mvua. Mie niliiona kama ilivyo.

Niliporudi Sahare nilimkuta mjomba palepale. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Uliloa?" Nikamwambia hapana mjomba. Akasema, "Haya."

Kwa wanaotaka kwenda na mie, tuko wanne mpaka sasa, wanawake watatu na mume wa mmoja wetu. Septemba 26 mwaka huu mwezi unapevuka jioni, kwa hiyo kileleni ni usiku wa kuamkia Jumapili ya 27, Rongai siku 7, tunaanza kutembea tarehe 22 na Moshi tunatakiwa tuwe tumelala tarehe 21. Kampuni niliyoongea nayo imekubali sharti langu la kuyaona makoti na viatu vya wapagazi siku moja kabla hatujapanda, na ambaye hana tutamnunulia soko la Memorial pale Moshi siku hiyohiyo, nimeshaiweka kwenye bajeti. Ombeni likizo sasa hivi.